Sura ya Nne: Sheshe na Ukingo wa Maji

Kutoka Kabwe, bandari ya dagaa na migebuka kwenye mwambao wa Ziwa Tanganyika wilayani Nkasi, safari ya kwenda Sumbawanga ni ya kupanda. Unaliacha ziwa lililo mita 773 juu ya usawa wa bahari, unaingia kwenye miombo, makazi ya palahala na korongo, kisha miti inapungua, hewa inapoa, na unatokea Namanyere kwenye uwanda wa juu wa Ufipa. Sumbawanga mjini umeshafika mita 1,800 hivi. Hapo ni nchi ya mahindi, maharage na alizeti, nchi ya baridi kali mwezi wa sita, na kwa macho ya mgeni inaonekana kama itaendelea hivyo hivyo mpaka Mbeya.

Haiendelei. Ukielekea mashariki kutoka mjini, mwendo si mrefu, ardhi inakatika. Barabara ya kushuka Muze inajipinda kwenye ukingo wa bonde, na chini yako, kiasi cha mita elfu moja, kuna mbuga tambarare, joto, na mng'ao wa Ziwa Rukwa kwa mbali. Ukifika chini umerudi karibu kwenye kimo kile kile ulichoanzia Kabwe, kwa kuwa Rukwa nayo iko kama mita 800 juu ya usawa wa bahari. Maziwa mawili yamelala karibu usawa mmoja, na Ufipa yote imesimama katikati yao.

Lakini maziwa haya hayafanani kwa lolote. Tanganyika ina kina kinachopita mita 1,400. Mwambao wake upande wa Kabwe ni mawe na miteremko, na maji yakipanda au kushuka mita moja, mvuvi atasogeza mtumbwi hatua chache, basi. Rukwa kwa sehemu kubwa ina kina cha mita chache tu, haina mto unaotoka, na kitanda chake ni bapa. Maji yakipanda mita moja huko, yanameza kilomita nzima za nyasi. Yakishuka, yanaziachia tena. Ukingo wa Rukwa unatembea, mwaka hata mwaka, na kila msimu ndani ya mwaka. Mnyama wa sura hii anaishi kwenye ukingo huo na hana kwingine. Ndiyo maana mtu anaweza kuzaliwa Kabwe, akazeeka Kabwe, na asimwone sheshe hata siku moja, ingawa anaishi upande wa pili tu wa mlima.

Sheshe ni swala wa kimo cha kati. Dume hufika sentimita 80 hivi begani na uzito wa kilo 70 na kitu; jike ni mdogo kidogo. Rangi yake ni dhahabu inayoelekea wekundu, imekolea mgongoni na kufifia ubavuni, na tumbo na koo ni meupe. Manyoya ni marefu kuliko ya swala pala na hayalali vizuri, kwa hiyo kwa karibu anaonekana mkavu na mbichi kwa pamoja, hasa asubuhi akiwa ametoka kwenye umande. Masikio yana ncha nyeusi. Kuna weupe kidogo kuzunguka macho, unaoufanya uso wake uonekane wa mnyama anayeshangaa. Anayetaka kumtambua kwa hakika aangalie miguu. Nyamera, ambaye naye ni wa mbuga hizi, ana mabaka meusi mapajani. Swala pala ana mistari myeusi makalioni. Sheshe hana kitu. Ni rangi moja mpaka kwatoni.

Pembe ni za dume peke yake. Ni nene kwa mnyama wa kimo hicho, zina pete nzito kutoka kwenye shina hadi zaidi ya nusu, zinarudi nyuma kisha ncha zinageukia mbele na juu. Urefu ni nusu mita hivi.

Msomaji aliyekulia kwenye hadithi za Ulaya au Urusi anamjua mnyama mwingine wa msituni, mwenye pembe zilizotoa matawi. Huyo hayupo Ufipa, wala si wa asili popote kusini mwa Sahara. Afrika ina aina moja tu ya asili ya jamii hiyo iliyobaki, nayo ipo kaskazini kabisa, kwenye misitu ya mpaka wa Algeria na Tunisia. Tofauti yao ni ya mwilini kabisa. Pembe ya mnyama yule ni mfupa mtupu, unaoota, kukomaa na kudondoka kila mwaka, na baada ya hapo huota nyingine. Sheshe ni wa ukoo mmoja na ng'ombe na mbuzi. Pembe yake ni ala ngumu, ya maada ile ile ya kwato na kucha, iliyouvika mfupa unaotoka kwenye fuvu, na haidondoki. Dume aliyevunja pembe vitani atatembea na kigutu mpaka siku ya kufa kwake. Kwa hiyo vita kwake ni jambo zito, na sehemu kubwa ya maisha yake anaitumia kujitahidi asipigane.

Jamaa zake wa karibu wote ni watu wa maji: kuro, lechwe wa Zambia, na kob wa Uganda, yule aliyesimama kwenye nembo ya taifa la Uganda akiwa ameshika ngao. Zamani wapo wataalamu waliomhesabu sheshe kuwa ni kob tu wa kusini. Ukiwaona wawili hao bila pembe, si rahisi kuwalaumu.

Sasa tumwangalie dume huyo anayejitahidi asipigane. Ana eneo lake, kipande cha mbuga anachokilinda, na majike hawakai kwake, wanapita. Kundi la majike huwa la sita, kumi, ishirini, wakati mwingine zaidi, na si familia ya kudumu. Leo wako pamoja, kesho wamegawanyika na kuchanganyika na wengine. Wanafuata majani mabichi, na wakivuka mpaka wa dume fulani, huo ndio muda wake. Atawazunguka, atajaribu kuwazuia wasitoke, atanusa, atafuata. Wakivuka upande wa pili, wamekwenda kwa jirani. Madume wasio na eneo hukaa pembeni katika makundi yao wenyewe, kwenye majani ambayo hakuna jike anayeyataka, wakisubiri nafasi.

Jinsi mwenye eneo anavyojitangaza imechunguzwa vizuri na mtafiti Alison Rosser katika Bonde la Luangwa, Zambia, na matokeo yake yakachapishwa mwaka 1990. Shingoni mwa dume mwenye eneo kuna tezi zinazotoa majimaji. Manyoya ya hapo hulowa na kuwa meusi, na doa hilo linaonekana kwa mbali kwenye shingo ya rangi ya dhahabu. Madume wasio na eneo hawana doa la namna hiyo. Mwenye eneo husimama kichwa juu, shingo imenyooka, ili doa lionekane. Halafu anainama na kuzipiga nyasi kwa pembe, anazisugua, na harufu ya shingo yake inabaki kwenye mashina. Anafanya hivyo hapa, anasogea, anafanya na pale. Dume mgeni akiingia, kabla hajamwona mwenyewe ameshakutana naye kwenye majani. Anajua eneo lina mtu. Wengi hugeuka hapo hapo, na pembe mbili zimeokolewa.

Kuna na mluzi. Sheshe hapigi kelele kama mbawala, ambaye hubweka kama mbwa kwenye vichaka vya makorongo ya Ufipa. Sheshe hupiga mluzi mkali, unaorudiwa mara tatu, nne. Dume huutumia kwenye mambo ya eneo lake, lakini mluzi huo huo ndio wa hatari, na mbuga nzima inauelewa. Mmoja akipiga, vichwa vyote vinainuka. Simba, chui, fisi na mbwa mwitu wote wanamla, na kwenye kingo za Rukwa kuna mamba wa kutosha. Kwa mnyama anayelazimika kula pale pale ambapo majani mabichi yanakutana na maji, mamba si adui wa kubahatisha.

Mimba ni ya miezi minane hivi. Anazaliwa ndama mmoja. Anaweza kuzaliwa mwezi wowote, ingawa kila mahali kuna msimu wa wingi. Siku zake za kwanza analala kwenye majani marefu, peke yake, bila harufu kubwa na bila kusogea. Mama yuko mbali anakula, anarudi kumnyonyesha, anaondoka tena. Hata ndama akishaanza kufuatana na kundi, kamba kati yake na mama haikazi sana. Kundi likitishwa, kila mtu anakimbia kivyake, na ndama anaweza kubaki nyuma. Kwa macho yetu ni uzembe. Lakini kwenye mbuga iliyo wazi, jike anayesimama karibu na ndama aliyelala anamwonyesha fisi pa kutafuta. Usalama wa ndama ni majani marefu, siyo mama. Naomba msomaji alishike hili la majani marefu, kwa sababu ndilo linalomponza siku hizi.

Sheshe anakula nyasi karibu tupu, asubuhi na mapema na jioni, na katikati ya mchana analala na kucheua. Hapendi kusimama ndani ya maji kama lechwe, wala hawezi kukaa mbali na maji kama kongoni. Anataka unyevunyevu. Mvua za Rukwa huanza Novemba na kwenda hadi Aprili. Mito inajaa, Momba na Songwe kutoka kusini, Rungwa na Kavuu kutoka kaskazini, ziwa linatanuka, na mbuga za chini zinakuwa tindiga. Sheshe wanarudi nyuma, wanapanda kuelekea ardhi iliyoinuka kidogo, karibu na miti na chini ya mlima. Mvua zikikatika maji yanaanza kurudi, yakiacha udongo wenye unyevu na majani yanayochipua, na sheshe wanateremka nayo, hatua kwa hatua, mpaka Oktoba wanapokuwa kwenye mbuga za mbali kabisa, zilizokuwa chini ya maji nusu mwaka uliopita.

Mtu aliyeiandika habari hii kwa undani alikuja Rukwa kwa jambo jingine kabisa. Kati ya mwaka 1930 na 1944, nzige wekundu walitapakaa karibu nchi zote za Afrika kusini ya Ikweta, na wachunguzi walipofuata asili yao wakafika kwenye sehemu chache tu: mojawapo ilikuwa mbuga za Rukwa, nyingine Mweru wa Ntipa ng'ambo ya mpaka. Mwaka 1949 ikaanzishwa taasisi ya kimataifa ya kupambana na nzige hao, makao yake yakiwa Abercorn, mji unaoitwa leo Mbala, upande wa Zambia. Miongoni mwa wataalamu wake alikuwa Desmond Vesey-FitzGerald. Kazi yake ilikuwa wadudu. Lakini anayetaka kumjua nzige wa Rukwa lazima azijue nyasi za Rukwa, zipi zinafurika, zipi zinaungua, zipi zinaliwa, na kwa kuzitazama nyasi akajikuta anawatazama wanaozila.

Alichokiona alikichapisha mwaka 1960. Mafuriko yakipungua, mbuga inabaki na nyasi ndefu ngumu ambazo mnyama mdogo hawezi kuzifanyia kitu. Wanaingia kwanza wakubwa, tembo, viboko, nyati. Wanakula na kukanyaga, nyasi zinalala, na katikati ya mashina yaliyovunjika yanatoka machipukizi. Hapo ndipo nyamera, pundamilia na sheshe wanapoingia. Mkubwa anamwandalia mdogo meza. Miaka kumi hivi baadaye Richard Bell alieleza mpangilio wa aina hiyo Serengeti, kwa pundamilia, nyumbu na swala tomi, na dunia ikaukumbuka kwa Serengeti. Haki itendeke: habari hii ilianzia kusemwa Rukwa, na sheshe alikuwamo.

Maana yake kwa sheshe ni nzito. Hahitaji mbuga tu. Anahitaji mbuga yenye wakubwa ndani yake. Ukiwaondoa tembo na nyati kwa bunduki, hujamgusa sheshe, lakini umemfungia mlango wa chakula chake cha miezi ya mwanzo ya kiangazi.

Jina lake la kisayansi, *Kobus vardonii*, alipewa na David Livingstone mwaka 1857, kwa heshima ya rafiki yake Vardon, baada ya kumkuta mnyama huyu pande za Zambezi. Miaka kumi na mitano baadaye, mwaka 1872, katika safari yake ya mwisho, Livingstone alitembea kando ya Ziwa Tanganyika kupitia Ufipa, akielekea kusini kwenye Ziwa Bangweulu ambako hakurudi. Alipita mwambao huu huu wa kwetu, akiwa mgonjwa, na ukuta wa Ufipa ukiwa upande wake wa kushoto. Nyuma ya ukuta ule palikuwa na mbuga za mnyama aliyempa jina. Mzungu wa kwanza kuliona Ziwa Rukwa na kuandika habari zake alikuwa Joseph Thomson, mwaka 1880. Wawanda na Wafipa wa bondeni, ambao walikuwa wakivua na kuwinda humo tangu zamani, hawakuhitaji kuonyeshwa.

Nchini Tanzania sheshe ana ngome mbili tu za kueleweka. Moja ni Rukwa. Nyingine ni Bonde la Kilombero, mkoani Morogoro, na hapo ndipo palipokuwa hazina ya dunia nzima. Katika miaka ya 1990, hesabu za kutoka angani zilionyesha zaidi ya sheshe 50,000 Kilombero, wengi kuliko waliobaki kila mahali pengine kwa pamoja, kuanzia Zambia na Kongo mpaka kipande kidogo cha mto Chobe nchini Botswana. Bonde lile liliandikishwa mwaka 2002 kuwa ardhioevu ya umuhimu wa kimataifa chini ya Mkataba wa Ramsar. Halafu, mbele ya macho yetu, likajaa. Ng'ombe waliingia kwa maelfu, mashamba ya mpunga yakasogea mpaka katikati ya mbuga, na sheshe wakaporomoka. Mwaka 2023 serikali ilitangaza sehemu ya bonde kuwa Pori la Akiba. Ilikuwa hatua ya lazima na ilichelewa, na kwa familia zilizokuwa zimeshalima humo ilikuwa chungu.

Rukwa haikuwahi kuwa na wingi wa Kilombero, na ilianza kupoteza mapema zaidi. Kuanzia miaka ya 1970 na 1980 wafugaji, wengi wao Wasukuma, waliteremka na mifugo yao kwenye bonde, wakitafuta kile kile sheshe anachotafuta: majani mabichi mwezi wa tisa, wakati nchi nyingine yote imekauka. Siandiki haya kumlaumu mfugaji. Nchi ya Usukuma ilikuwa imejaa, na mtu mwenye ng'ombe atakwenda penye majani. Lakini ng'ombe hawafanyi kazi ya tembo na nyati. Wakubwa wa porini hupita na kwenda zao, wakaacha machipukizi. Ng'ombe wanarudi kila siku mahali pale pale kutoka zizini, na wanakula machipukizi yenyewe. Majani marefu yanakwisha. Ndama wa sheshe anakosa pa kulala. Mbwa wa wachungaji wanamkuta.

Juu ya hayo kuna mitego ya nyaya, na kuna bunduki za kienyeji. Sheshe ni rahisi kuwindwa kwa kosa moja: anakaa mahali panapojulikana. Dume mwenye eneo haondoki. Unaweza kumwacha leo ukamkuta kesho, na mwenye nia mbaya naye anajua hivyo. Kitoweo cha nyamapori kinapanda mlima kwa pikipiki usiku.

Yapo mapori ya akiba, na mojawapo, Uwanda, liko kwenye ziwa lenyewe. Hapa ndipo lilipo fundo. Mipaka ya pori huandikwa kwenye ramani siku moja, na Rukwa haitulii. Kuna vipindi katika karne iliyopita ilipokauka hadi kubaki dimbwi, na kuna vipindi ilipofurika ikazamisha mbuga zote za zamani. Sehemu kubwa ya Uwanda imekuwa chini ya maji. Mnyama anayelindwa na pori amesukumwa na ziwa nje ya pori, kwenye ardhi ya vijiji, na huko yeye ni mgeni kwenye shamba la mtu. Askari wa wanyamapori analinda maji, na sheshe yuko kwenye mpunga.

Anayedhani hali haiwezi kugeuka aangalie Kasanka, hifadhi ndogo ya Zambia, si mbali na kule alikofia Livingstone. Ujangili ulikuwa umeimaliza. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1980 ililindwa kwa dhati, na sheshe wakarudi, wakawa maelfu. Mnyama huyu si mgumu kuzaliana. Mpe ukingo wa maji ulio salama, naye atajaza.

Kwa Rukwa swali ni ukingo upi. Tukitaja makazi ya sheshe, picha inayotujia ni mbuga ya Oktoba, pana, chini kabisa, na ni rahisi kuilinda kwa kuwa mwezi wa nne imefunikwa na maji na hakuna anayeitaka. Lakini sheshe haishi Oktoba peke yake. Anabanwa Machi na Aprili, maji yakiwa juu, anapopandishwa mpaka kwenye ukanda mwembamba kati ya ziwa na mguu wa mlima, upande wa Muze, Mtowisa na Ilemba. Ukanda huo ndio wenye udongo mzuri, ndiko barabara inakopita, ndiko shule na visima viliko, na kila mwaka shamba jipya linafunguliwa. Vijiji vile vina mipango ya matumizi ya ardhi, au inaandaliwa, na kwenye vikao vya mipango hiyo ndiko sheshe wa Rukwa watakakopatiwa au kunyimwa mahali pa kusimama maji yakipanda. Haihitajiki ardhi kubwa. Yanahitajika maeneo machache ya nyasi ndefu, yaliyounganishwa na mbuga ya chini, yasiyolimwa wala kuchungwa kati ya Februari na Mei, na yaandikwe kwenye ramani za vijiji kwa kufuata kimo cha maji, ili ziwa likitembea, nayo yatembee.